Geuza ile picha, tuone ku kando

Siku hizi, mu makampuni mengi ya Lualaba na Haut-Katanga, plani ya mugodi haiko tena paka karatasi kubwa ya kutundika ku ukuta. Iko mu ordinateri. Madini yana rangi yao, majiwe ya bure yana yao, galeri ni kama bomba refu, na enjenieri anageuza mugodi wote kwa mukono mumoja, kama vile mama anageuza papai ku soko mbele ya kutoa franga.

Ile picha inaonyeshwa wafanyakazi mara nyingi: ku mukutano wa usalama, mbele ya kufungua shantie mupya, ao siku delege wa sindika wanaitwa mu biro. Wengi wanaangalia, wanaitika kwa kichwa, kisha wanashuka ku kazi. Lakini picha ya ekrani, hata ikiwa nzuri namna gani, inaonyesha upande mumoja tu kwa mara moja, na kila upande una kitu unaficha. Kwa hiyo leo tunaandika juu ya jambo dogo ambalo linaweza kulinda maisha: kugeuza. Kunafanyika namna gani, kunaonyesha nini, na mufanyakazi aombe nini mbele ya kusema «ndiyo, tumeelewa».

Mbele kulikuwa karatasi

Wazee waliotumika Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mu 1906, na kisha Gécamines, wanaikumbuka ile kazi ya karatasi. Mugodi ulichorwa mara nyingi. Kulikuwa plani moja kwa kila nivo, sawa vile unauangalia toka juu. Kulikuwa tena kupe, sawa vile umekata ardhi kwa kisu kama mukate na unaangalia pale kisu kimepita. Enjenieri alipanga karatasi nyingi ku meza, na umbo kamili la mugodi alilijenga mu kichwa chake. Akikosea, wengine hawakuona kosa upesi, sababu lilikuwa mu kichwa chake yeye tu.

Mu migodi fulani ya Ulaya na Marekani walitengeneza mifano ya mbao na ya vioo. Kila kupe ilichorwa ku kioo kimoja, vioo vikasimamishwa kwa mustari, na watu wakazunguka meza wakiangalia. Kule kuzunguka meza njo kugeuza kwa zamani.

Ordinateri ilileta meza ile mu ekrani. Mu 1989, ku Nancy mu Ufaransa, profesa Jean-Laurent Mallet na kundi lake walianzisha GOCAD, programu ya kujenga umbo la majiwe ya chini ya ardhi pamoja na mikunjo na mipasuko yake. Leo kuna programu nyingi za kazi hii: Surpac, Vulcan, Datamine, Leapfrog na zingine. Majina ni mbalimbali, lakini kazi yao ni moja: kuchukua vipimo vya chini ya ardhi na kuvifanya umbo ambalo jicho linaweza kuzunguka.

Rangi zinatoka wapi

Picha haipigwi kama foto. Hakuna mashini inayoingia mu majiwe na kupiga picha ya madini. Kila kitu kinaanza na sondaji: mashini inatoboa shimo jembamba, inatoa majiwe ya muviringo tunayoita karoti, jeologu anayaangalia mita kwa mita, na laboratwari inapima kiasi cha shaba na kobalti. Kati ya sondaji moja na nyingine kunaweza kuwa mita 50, hata 100. Pale kati hakuna mutu aliyeona kitu. Programu inaunganisha kwa hesabu, na jeologu anasahihisha kwa akili yake.

Hapa kwetu hii kazi ni ngumu, sababu majiwe ya Katanga hayakulala kimya. Watu wa Kamoto wanajua mufuatano wake: RAT chini, kisha D.Strat na RSF zenye madini ya chini. Kisha RSC, lile jiwe gumu la matundu matundu. Kisha SD yenye madini ya juu. Ku daftari ya shule mufuatano ni mustari sawa. Lakini ku Kolwezi na ku Fungurume, nguvu za dunia za zamani zilivunja tabaka zile vipande vipande, zikavikunja na kuvisukuma mbali. Wajeologu wanaita vile vipande «écailles», sawa magamba ya samaki. Kuna mahali tabaka limesimama kama ukuta, na mahali pengine limepinduka, ya juu imekuwa chini.

Kipushi nako kuna sura yake. Mugodi ule ulianza kuchimbwa mu 1924, ulisimama mu 1993, ukarudi kutoa madini mu 2024. Madini yake yanafuata fayi, ni kusema mupasuko mukubwa wa majiwe, ambayo inashuka kwa mwinamo mukali sana. Shimo la kushukia, Puwi 5, linapita mita 1.200. Umbo kama lile, ukiliangalia toka juu, unaona mustari mwembamba tu. Geuza picha, na mustari unakuwa ukuta mukubwa unaoshuka chini. Ni kitu kilekile. Kilichobadilika ni mahali pa jicho.

Kugeuza ni kitu gani

Mutu anayeona kwa mara ya kwanza anafikiri mugodi unazunguka mu ekrani. Hapana. Vipimo havitembei hata kidogo. Kila galeri inabaki na namba zake tatu: mashariki kiasi gani, kaskazini kiasi gani, kina kiasi gani. Ni jicho letu linalozunguka. Enjenieri anashika suri, anabonyeza, anavuta, na programu inahesabu upya: mutu aliyesimama pale angeona nini?

Kuna mambo matatu ya kujua.

La kwanza ni mahali pa kuzungukia, kama msumari katikati ya tairi. Msumari ukiwa ku shantie yenu, shantie inabaki mbele ya macho wakati picha inageuka. Ukiwa mbali, shantie inakimbia nje ya ekrani na watu wanapotea.

La pili ni «juu». Programu zingine zinashika juu kuwa juu siku zote: unaweza kuzunguka kama mutu anayetembea kandokando ya karieri, na kuinuka ao kushuka, lakini anga haligeuki. Zingine zinaacha picha ipinduke kila upande kama mupira mu maji. Hii ya pili inafaa fundi, lakini inachanganya watu wengine upesi: baada ya kuvuta mara tatu, paa na sakafu ya galeri vinaweza kubadilishana bila mutu kujua.

La tatu ni kaskazini. Ku pembe ya ekrani kuna mishale midogo inayoonyesha pande. Watu wengi hawaiangalii. Lakini ile mishale njo dira yenu; bila yenyewe hamujui munaangalia toka wapi. Tena kuna njia fupi. Mu Leapfrog, kwa mufano, ukibonyeza herufi N unaangalia kaskazini, S kusini, E mashariki, W magharibi, D chini, U juu. Enjenieri akipotea mu picha yake mwenyewe, herufi moja inamurudisha.

Jaribuni ku nyumba

Mutu asiyetumika ku ordinateri anaweza kuelewa jambo hili usiku huu, pamoja na watoto, bila umeme.

Kamata vijiti viwili. Kimoja ukishike karibu na uso, kikilala. Kingine mutoto akishike mbali kwa hatua moja, kikisimama. Funga jicho moja. Vijiti vinaonekana vinagusana kama musalaba. Sasa songeza kichwa kando: nafasi inafunguka. Ile hatua moja ilikuwepo tangu mwanzo, lakini ilikuwa imelala ku mustari wa jicho lako, kwa hiyo hukuiona.

Jaribu la pili. Kamata daftari, uinamishe kama bati la nyumba. Mutoto akiangalia toka kando, anaona muteremko vizuri. Akija mbele, uso kwa uso na daftari, anaona paka umbo la pembe nne. Muteremko umepotea machoni, lakini ukiweka kalamu juu ya daftari, inateremka vilevile.

Haya majaribu mawili yanabeba sehemu kubwa ya somo. Tuyapeleke sasa chini ya ardhi.

Nafasi: jicho linapunguza

Chukua galeri mupya inayopita chini ya shantie ya zamani. Toka juu, ku ekrani, zinakatana. Je, kati yao kuna mita 5 ao mita 80 ya majiwe? Ile picha haiwezi kukujibu, kama vile vijiti havikukujibu. Lazima kugeuza mpaka uangalie toka kando, kwa usawa wa galeri yenyewe. Pale nafasi inafunguka.

Kuna kanuni nzuri ambayo kila delege anaweza kukumbuka. Kama picha imechorwa bila kufanya vitu vya mbali vidogo, kama haikuvutwa, na kama kila kitu kimeonyeshwa, basi nafasi unayoona kati ya vitu viwili haiwezi kupita ile ya kweli. Inaweza kuwa sawa ao ndogo, lakini kubwa hapana. Kwa galeri mbili zilizonyooka, enjenieri anageuza polepole mpaka nafasi ifunguke kabisa. Ile kubwa kuliko zote njo ya kweli.

Lakini tumesema «kama» mara tatu. Hatari inaingia kupitia zile «kama».

Angalieni hesabu hii. Tabaka la madini linashuka mashariki kwa mwinamo wa digre 60. Wazee walilichimba, na shantie yao imejaa mayi. Ku plani ya nivo ya juu, galeri mupya inapita mita 60 mashariki ya ile shantie. Mita 60 ni nyingi, watu wanapumua. Lakini galeri haiko ku nivo ile; iko mita 100 chini yake. Na tabaka la digre 60, likishuka mita 100, linasogea karibu mita 58 mashariki. Kama wazee walifuata madini mpaka kina kile, mayi yao yako mita 2 toka galeri yenu.

Plani haikusema uongo. Ilionyesha nivo moja, na watu wakaisoma kama vile ni mugodi muzima. Enjenieri akiwasha shantie yote ya zamani mu picha, na kugeuza mpaka aangalie kando ya tabaka, watu wote mu chumba wangeona kwa nukta moja.

Mwinamo: jicho linalaza

Jambo la pili ni muteremko wa tabaka na wa fayi. Ukikata kupe iliyosimama, mwinamo unaouona mule hauwezi kupita ule wa kweli, lakini unaweza kuwa mudogo sana. Tabaka lile la digre 60, ukilikata kwa kupe inayopita kwa pembe ya digre 45 na upande linakoshukia, linaonekana kuwa na digre 51 hivi. Ukilikata kwa urefu wake, linaonekana limelala sawa kabisa, digre 0. Ni daftari ya mutoto ile ile. Mutu akionyeshwa hii kupe moja tu, atasema: «Hapa majiwe yamelala vizuri, hayawezi kuteremka.»

Ku karieri hili ni jambo la maisha. Wafanyakazi wa Kolwezi hawajasahau tarehe 8 Machi 2016, siku ukuta wa karieri ya KOV ulianguka na watu saba wakakufa. Ukuta wa karieri unashikwa na majiwe yake, na majiwe yana mipasuko. Mupasuko unaoshuka kuingia ndani ya ukuta hausumbui sana. Ule unaoshuka kuelekea shimo, kwa mwinamo mudogo kuliko wa ukuta wenyewe, njo unaofungua mulango. Kuutambua, lazima kuangalia kwa urefu wa mupasuko, si uso kwa uso.

Tena kuna hatari ya mipasuko miwili inayokatana. Kila mumoja peke yake hauonyeshi ubaya. Pamoja vinakata kipande cha jiwe kama kabari, kile wafundi wanaita «dièdre». Ku karieri kinateremka kwa kufuata mustari ambapo mipasuko inakutana. Mu galeri kinatoka ku paa na kuanguka juu ya watu. Mu picha ya ordinateri, kabari inajificha mpaka siku jicho linawekwa sawa na ule mustari wa kukutana. Pale mipasuko yote miwili inakuwa myembamba kama nyuzi, na herufi V inatokea wazi. Fundi wa majiwe anajua kuitafuta. Mufanyakazi anayejua kwamba ipo anaweza kuiomba. Na anaposhuka, anajua kwa nini wanamwambia kugonga paa na kutia buloni mahali fulani kuliko pengine.

Unene: jicho linaongeza

Nafasi na mwinamo vinapungua machoni. Unene wa tabaka unafanya kinyume: unaongezeka. Tabaka la madini likiangaliwa uso kwa uso linajaza ekrani, mutu anafikiri ni mulima wa shaba. Geuza mpaka uone ukingo wake, utakuta ni bamba.

Hata sondaji inadanganya hivyo. Sondaji iliyosimama wima ikipita mita 20 mu tabaka lenye mwinamo wa digre 60, unene wa kweli wa lile tabaka ni mita 10 tu, nusu. Mita 20 ni njia ya mashini, si unene. Hii inawagusa hata wale wasioshuka chini, sababu miaka ambayo mugodi utaishi inahesabiwa toka unene wa kweli. Baba anayesikia «wamepata mita 20» na anafikiri kujenga nyumba kwa deni, aulize kwanza: mita 20 zile zimepimwa kwa kufuata nini?

Picha inayopinduka yenyewe

Mu 1832, Louis Albert Necker, mutu wa Geneva aliyesoma majiwe na fuwele, aliandika jambo la ajabu. Alipokuwa akiangalia michoro ya fuwele kwa muda, umbo lilipinduka lenyewe: upande wa mbele ukawa wa nyuma. Karatasi haikuguswa. Mpaka leo sanduku la mistari 12 linaloonyesha jambo lile linaitwa kwa jina lake.

Galeri zilizochorwa kwa mistari mitupu zinafanya vilevile. Watu wawili wanaangalia ekrani moja. Mumoja anaona galeri inapanda, mwingine anaona inashuka, na wote wanaitika kwa kichwa. Kugeuza kidogo, nenda rudi, kunasaidia: vitu vya karibu na vya mbali havisogei sawa, na ubongo unaanza kupata kina. Tena mishale ya pembeni inakata mabishano. Kwa hiyo enjenieri muzuri haachi picha ikisimama kimya wakati anaeleza. Anaitikisa.

Kuna mitego mingine miwili. Wa kwanza ni picha inayofanya vitu vya mbali kuwa vidogo, kama foto ya barabara. Inapendeza, lakini usipime nafasi kwa jicho mule ndani. Wa pili ni kuvuta picha kwenda juu. Mahali tabaka limelala karibu sawa, mafundi wanapenda kuzidisha urefu wa kusimama mara mbili ao tatu ili waone mambo madogo. Muteremko wa kweli wa digre 20, ukivutwa mara tatu, unaonekana kupita digre 47. Watu wanaogopa bure, ao wanazoea kuona milima mpaka siku muteremko wa kweli unafika na hawaogopi tena. Kuvuta si kosa; kosa ni kutowaambia watu.

Kitu ambacho kugeuza hakuwezi

Geuza mpaka mukono uchoke, picha haitakuonyesha kitu ambacho hakuna mutu aliyekipima.

Tarehe 24 Julai 2002, ku mugodi wa makaa wa Quecreek, mu Pennsylvania, Marekani, wafanyakazi walitoboa ukuta wa mugodi wa zamani unaoitwa Saxman, uliofungwa tangu miaka ya 1960 na kujaa mayi. Mayi yaliingia kwa nguvu. Watu tisa waliwahi kutoka. Wengine tisa walifungwa ndani. Waliokolewa wote, mumoja mumoja, kupitia shimo lililotobolewa toka juu, nyuma ya saa 77 hivi. Ramani waliyokuwa nayo ilionyesha ule mugodi wa zamani uko mbali. Haikuwa ramani ya mwisho: wazee wa Saxman walichimba tena nyuma ya kuichora, na karatasi ya mwisho haikufika mu mikono ya waliopanga kazi. Ordinateri yenye nguvu kuliko zote ingegeuza kosa lile lile kila upande.

Hapa kwetu neno hili lina uzito. Ku Kolwezi, wachimbaji wa mikono wamefungua mashimo mengi, hata ndani ya parcelle za watu ku Kasulo. Mashimo yale yanashuka, yanatambaa kufuata madini, yanakutana, na mengi hayakupimwa na mutu yeyote. Mu picha ya kampuni, pale palipo na shimo lisilopimwa, pamejaa rangi ya majiwe mazima. Weupe wa karatasi ya zamani angalau ulisema «hapa hatujui». Rangi ya ordinateri inajaza kila mahali na kukufanya uamini.

Kwa hiyo ujuzi wa watu una bei yake. Mutoto wa Kasulo aliyechimba mbele ya kupata kazi ya kampuni, muzee wa Gécamines anayekumbuka shantie iliyofungwa, mutu wa sondaji aliyeona mayi ya mashini yanapotea ghafula mu shimo: hawa wanaweza kuwa na kipimo ambacho programu haina. Waseme. Na anayeshika suri aandike.

Maswali ya kuuliza mbele ya ekrani

Sheria ya kazi ya Kongo inataka makampuni yawe na komite ya usalama na usafi wa kazi. Ile komite njo mahali pazuri pa kuuliza. Hakuna haja ya kujua ordinateri. Maswali sita yanatosha, na yanaweza kuulizwa kwa heshima:

1. «Shefu, tunaangalia toka wapi? Kaskazini iko upande gani?»

2. «Geuza ile picha, tuone ku kando. Kisha tuone kwa urefu wa tabaka.»

3. «Hii ni nivo moja ao mugodi muzima? Washa zile shantie za zamani, na zile zenye mayi.»

4. «Picha imevutwa? Vitu vya mbali vimefanywa vidogo? Kama ndiyo, turudishie ya kawaida.»

5. «Pima nafasi kwa programu, toka ukuta mpaka ukuta, si kwa jicho, na si ku plani tu.»

6. «Tuonyeshe sondaji peke yake, bila rangi. Iliyo karibu na sisi iko mita ngapi? Ilifanyika mwaka gani?»

Swali la sita njo lenye nguvu. Rangi zikizimwa, zinabaki nyuzi chache za sondaji mu giza la ekrani. Pale kila mutu anaona kwa macho yake ni mahali gani kampuni inajua, na ni mahali gani inakisia. Kukisia si dhambi. Hakuna mugodi unaochimbwa bila kukisia. Lakini anayeshuka mahali pa kukisia ana haki ya kujua, ili sondaji ya mbele itobolewe kwanza, watu watembee polepole, na njia ya kukimbilia ibaki wazi.

Maenjenieri wengi wanafurahi wakiulizwa hivi, sababu swali la mufanyakazi linawasaidia kuona upande ambao hawakugeuza. Na akitokea mumoja anayekasirika, mukumbushe polepole ya kwamba kugeuza kunachukua nukta kumi. Posti ya usiku inachukua saa nane, na ku nyumba kuna watu wanaohesabu kila saa.